Mashimo Matano Kando ya Ghuba ya Speke

Pale stendi ya Bariadi fimbo zangu zilipewa majina mengi kabla basi halijajaa. Konda alidhani ni vifaa vya wapima barabara, akataka nizilipie kama mzigo. Mama mmoja aliyekalia gunia la michembe alisema hapana, hivyo ni vyuma vya kuchomea ng'ombe alama. Na kwa kweli ukitazama kichwa cha ile fimbo ya mchangani, kipana, kizito, kimelala kwa nyuma, ni vigumu kumbishia. Kijana wa bodaboda ndiye aliyepatia. "Hizi si za ule mchezo wa matajiri?" Nikamwambia ndizo, za gofu, ila hizi ni za zamani, za enzi ambazo Scotland mchezo huo ulichezwa kwenye malisho ya kijiji, kondoo wakiwa hapohapo. Akacheka cheko la mtu ambaye hajaamini hata neno moja, akanisaidia kuupandisha mfuko juu ya viroba vya mpunga.

Zilikuwa fimbo sita. Vichwa vitano vya chuma kilichofuliwa kwa nyundo, kimoja cha mbao, na mipini yote ya hickory, mti wa misitu ya mashariki mwa Marekani, mgumu lakini wenye kunesa, ambao mafundi wa Scotland waliuagiza kwa shehena katika karne ya 19 kwa sababu miti yao haikustahimili kishindo. Vizazi kadhaa vya wachezaji havikujua mpini mwingine. Marekani iliruhusu mipini ya bomba la chuma mwaka 1924, wakuu wa gofu wa St Andrews wakafuata 1929, na mwaka uliofuata, 1930, Bobby Jones akatwaa mataji yote manne makubwa ya wakati ule kwa mipini ya mti. Baada ya hapo fimbo za mti zikawa pambo la kutundika ukutani kwenye baa za klabu. Siku hizi wapo wanaozishusha ukutani na kuzirudisha uwanjani; huko Scotland kuna hata mashindano yake ya dunia tangu 2005.

Zangu nilizipata Mombasa. Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa 1911, wakati fimbo za mti ndizo zilizotumika karibu kila mahali, na uwanja wake mdogo wa mashimo tisa umekaa juu ya majabali ya matumbawe kule Mama Ngina, meli za Kilindini zikipita karibu kiasi cha kusoma majina yake ubavuni. Mwafrika wa 1911 aliingia pale akiwa na mfuko wa mtu mwingine begani. Mzee aliyeniuzia fimbo hizi naye alianza hivyohivyo, kedi tangu utotoni, baadaye fundi wa kukarabati vifaa, na alikuwa amezihifadhi zimefungwa kwa shuka kuukuu. Aliniuzia kwa sharti kwamba kwanza nicheze naye.

Msimu wa kusi, upepo ule hauna adabu. Nilizoea fimbo za kisasa ambazo ukizipiga kwa pupa zinakusamehe. Mti hausamehi. Mpini wa hickory hujisokota kidogo unapoushusha, kichwa kinabaki nyuma ya mikono, na ukiharakisha kinafika kikiwa kimefunguka upande. Mpira unakwenda kulia, na mahali penye bahari ubavuni, kulia si pahali pa kwenda. Mzee alitazama mipira yangu ikiishia kwenye mawimbi, kisha akasema, "Mwanangu, mbona unaikimbiza? Ingoje ifike." Hilo tu. Akapiga wa kwake kwa mkono mlegevu kama mtu anayefagia uani, na ukatua katikati.

Mombasa ndiko nilikoanza kuwaza nyumbani. Nilikuwa nimesoma kwamba viwanja vya kwanza vya gofu havikulimwa wala kupandwa nyasi na mtu. Vilikuwa ardhi iliyobaki kati ya shamba na bahari, mchanga mtupu usioshika jembe, ambako kondoo walikula nyasi mpaka zikawa fupi kama zulia na sungura wakachimba vishimo. Nikajiambia: ufuko wa namna hiyo kwetu upo. Mkoa wa Simiyu watu huufahamu kwa pamba na vumbi, na ulipozaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, wengi hawakutambua kwamba kipande kile cha Mwanza, yaani Busega, kilikuja na ziwa. Mkoa una mlango wake wa maji: Ghuba ya Speke. Mpelelezi Stanley aliizunguka kwa mashua mwaka 1875 akaipa jina la mwenzake Speke, na alipofika mdomo wa mto Simiyu aliamini kwamba amekikuta chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Alikosea, lakini ni kosa ambalo sisi watu wa huko hatulisahihishi kwa haraka.

Basi likaondoka. Nyakabindi, kwenye viwanja vya Nane Nane, kisha Dutwa na vilima vyake ambavyo wachimbaji wamekuwa wakivipapasa kutafuta nikeli. Mavuno ya pamba yalikuwa yamekwisha. Mashambani ilisimama miti mikavu yenye vishungi vyeupe vilivyosahaulika, ikisubiri kung'olewa na kuchomwa kama wataalamu wa kilimo wanavyosisitiza kila mwaka, ili funza wasivuke na kuingia msimu mwingine. Nilitazama ardhi kwa jicho la mcheza gofu, ugonjwa ambao haunipi raha safarini. Mbuga nyeusi haifai. Kiangazi inapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, sembuse mpira. Masika ni utelezi. Ukikaribia Lamadi udongo unabadilika, mawe makubwa ya itale yanaanza kujitokeza, na katikati yake luseni, ule udongo wa kichanga unaokauka haraka. Hapo nikaanza kukaa vizuri kitini.

Mjomba alinipokea njia panda ya Lamadi, pale barabara ya Bariadi inapokutana na ile ya Mwanza kwenda Musoma. Ana ng'ombe wa kutosha na maneno machache. Tulisalimiana, mwadila, mwadila, akauliza habari za dada yake, yaani mama yangu, kisha akautwaa mfuko, akachomoa fimbo moja na kuigeuza kichwa chini. Hakutazama chuma. Alitazama mpini. Aliukunja kwa goti taratibu, akausikiliza, akafuata mistari ya mti kwa ukucha toka juu mpaka chini kuona kama imenyooka au inatorokea ubavuni, akanusa.

"Mti gani huu, mjomba?"

"Wa Marekani. Hickory."

"Umekatwa vizuri. Mistari imekwenda mpaka mwisho." Akanirudishia. "Lakini umekauka. Hamuupaki mafuta?"

Nilimwambia mafundi wa zamani walitumia mafuta ya kitani. Yeye alisema kesho tutaupaka samli.

Mtu aliyekulia zizini anajua fimbo kuliko mimi ninavyojua gofu. Huko kwetu mvulana hupewa fimbo kabla hajapewa viatu, na anajifunza mapema kwamba mkole unanesa na haukatiki, kwamba mti uliokaushwa juani hupasuka na uliokaushwa juu ya moshi wa jikoni hudumu, kwamba fimbo ya kuswaga si fimbo ya kujihami. Muuzaji wa vifaa vya kisasa atakueleza kwa nusu saa kiasi cha kujisokota cha mpini wake wa nyuzi za kaboni. Mjomba alikuwa amekipima kwa goti.

Asubuhi tulitoka na mpwa wangu, mtoto wa binamu, aliyekubali kuwa kedi kwa sababu ng'ombe wangekuwa upande uleule. Ufuko wenyewe ni ukanda mwembamba kati ya mashamba na maji, una mawe huku na mafunjo kule, na visiki vya miti iliyokufa imesimama majini tangu ziwa lilipofura na kuvunja rekodi yake mwaka 2020. Lakini nyasi! Nilipiga magoti kuzishika. Fupi, ngumu, zimekazana, zimelala upande mmoja, na chini yake mchanga. Hakuna mashine iliyopita pale.

"Nani anazikata?" nikauliza, nikidhani najua jibu.

"Mchana ng'ombe," mpwa akasema. "Usiku viboko."

Ndivyo ilivyo. Kiboko hutoka majini giza likiingia na kula nyasi kwa midomo, si kwa meno, akizing'oa karibu kabisa na ardhi, na anarudi palepale usiku hata usiku, mpaka panakuwa uga. Tulikuta nyayo zake za vidole vinne, zenye upana wa sahani, zikitoka kwenye mafunjo na kurudi. Wacheza gofu wa Afrika Mashariki husimuliana kanuni ya zamani ya Klabu ya Nyanza, Kisumu, kwamba mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aweza kuangusha mwingine bila adhabu. Wageni hudhani ni mzaha. Tulikubaliana tuwe tumeondoka kabla ya saa kumi na moja jioni.

Mashimo tulichimba matano. Idadi hiyo haikuwa uvivu. Waungwana wa Leith, karibu na Edinburgh, walioandika kanuni za kwanza za gofu mwaka 1744, kanuni kumi na tatu tu, uwanja wao ulikuwa na mashimo matano. Hayo kumi na nane ambayo leo yanaonekana kama amri ya mbinguni ni desturi ya St Andrews iliyoenea baadaye. Kipenyo cha shimo ni milimita 108 tangu 1891, na nilishangaa kuona kopo la rangi la lita moja limekaribia kabisa kipimo hicho. Mpwa alilikandamiza mchangani, akalizungusha, akatoa donge safi kama andazi. Kwa bendera tulichukua miti ya pamba yenye vishungi vyake. Inaonekana kutoka mbali kuliko vitambaa, na haimgharimu mtu.

Kanuni ya kwanza ya Leith inasema unaanza shimo linalofuata ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka shimo ulilomaliza. Tulifanya hivyo. Mpira ulikaa juu ya kichuguu cha mchanga uliolowa, uliofinywa kwa vidole vitatu, kama walivyofanya wote kabla ya kijiti cha mbao. Kijiti hicho, kwa taarifa ya wanaodhani gofu haina mkono wa mtu mweusi, alikiwekea hataza daktari wa meno Mmarekani mweusi wa Boston, George Grant, mwaka 1899; hakukifanyia biashara, aliwagawia marafiki.

Tulikuwa bado shimo la kwanza pikipiki ilipokuja ikikata nyasi. Mwenyekiti wa kitongoji, na nyuma yake mzee wa sungusungu aliyeshika rungu.

"Mwangaluka, wazee."

"Mwangaluka. Nani amewapa kibali cha kupima hapa?"

Nikajiona kwa macho yake: mtu wa mjini, kofia, fimbo za vyuma, anahesabu hatua, anasimika vijiti vyeupe ardhini kwa kupanga mstari. Ufuko ule ndio njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Upande wa kaskazini, si mbali, ni lango la Ndabaka na mpaka wa Serengeti, usioruhusu mfugo kuvuka. Ardhi ya kulishia haiongezeki. Mtu wa pale akiona vijiti vimesimikwa hawazii mchezo.

"Hatupimi, mwenyekiti," Mjomba akasema. "Huyu ni mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Bariadi. Anacheza."

"Mtu mzima anacheza na bendera?"

"Ni miti ya pamba, mheshimiwa," nikasema. "Ukitaka naing'oa sasa hivi."

Aliitazama pamba. "Na mashimo? Ng'ombe akivunjika mguu atalipa nani?"

Swali hilo lilikuwa la haki kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kwenye klabu. Nilimwonyesha kopo, nikamwahidi kwamba kila shimo tutalifukia kabla mifugo haijashuka, na Mjomba akaahidi kwa jina lake, jambo lililokuwa na uzito zaidi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwekezaji nyuma yangu. Hakuna. Akauliza mara ya pili kwa maneno mengine. Hakuna, mheshimiwa. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe nione huo mchezo."

Nilimpa fimbo ya chuma cha kati, nikamweleza habari ya kuingoja ifike. Alinisikiliza kwa heshima, akaishika kama shoka. Ya kwanza ilipita hewani. Ya pili aliishusha kwa nguvu za mwaka mzima. Mpira ulitoka, ukapanda, ukauvuka upepo na kuzama kwenye mafunjo mbali kuliko wowote tuliopiga siku ile, na papo hapo ukasikika mlio mkavu, ka! Mpini ulikuwa umepasuka vidole viwili juu ya shingo ya chuma.

Kimya. Mzee wa sungusungu akatazama ziwani.

"Imevunjika yenyewe," mwenyekiti akasema.

"Yenyewe kabisa," Mjomba akamuunga mkono.

Baada ya hapo habari ya kibali haikuulizwa tena. Alibaki na sisi mpaka shimo la tatu, akitoa maelekezo.

Hilo la tatu ndilo ningependa kulizungumzia. Linatoka juu ya jiwe bapa, linashuka kuelekea maji, na adhuhuri upepo wa ziwa unapoanza kuvuma unakupiga usoni. Wavuvi wa pale huupangia safari zao, usiku unasukuma mitumbwi kwenda nje, mchana unairudisha. Kwa fimbo ya kisasa ungetupa mpira juu sana na upepo ungekurudishia. Mti unakulazimisha upige chini. Nilichagua fimbo yenye uso uliosimama, nikaupeleka mpira ukatambaa, ukagonga jiwe moja, ukakwepa kinyesi cha ng'ombe na kuingia kwenye uga wa viboko. Kusukuma mpira pale ni kazi ya kusoma nyasi zilivyolala: ukielekea ziwani unateleza kama uko kwenye sakafu, ukirudi nchi kavu unakwama. Nilisukuma kuelekea maji, polepole, nikihesabu unyayo mmoja wa kiboko kuwa kona. Uliingia. Yangeyange watatu waliokuwa wakitembea karibu hawakusogea hata hatua.

Mpwa hakuvutiwa. Macho yake yalikuwa kwa ng'ombe. Ila mpira ukipotea hakuutafuta kama kedi wanavyotafuta, kwa kuinama; alivua ndala akatembea juu ya nyasi na kuusikia kwa nyayo. Mipira iliyoanguka majini tuliiacha. Kichocho hakijali umepoteza mpira wa bei gani.

Nimecheza kwenye viwanja vinavyonyweshwa usiku kucha wakati majirani wanapanga foleni kisimani, na sijawahi kulisema hilo kwenye baa ya klabu kwa sauti ya kusikika. Kwa hiyo naliandika hapa. Gofu iliyokuja kwetu ilikuja na bomba la maji, mbolea na uzio, na tukaamini ndiyo yenyewe. Ile ya mti haihitaji vitu hivyo. Inahitaji mfugo, mchanga na upepo, na mwisho wa siku ardhi inabaki ya mfugo. Tulifukia mashimo yote kwa mikono. Ng'ombe walipopita kwenda kunywa, sikuweza mwenyewe kuonyesha la nne lilikuwa wapi.

Jioni Mjomba aliomba ile fimbo iliyopasuka. Kichwa cha fimbo za aina hii hushikwa na msumari mdogo uliopita shingoni. Aliutoa kwa patasi, akachoma mabaki ya mti ndani kwa msumari wa moto, akaingia jikoni na kurudi na fimbo ya mkole iliyokuwa darini juu ya moshi tangu mwaka juzi. Aliichonga kwa kisu na kigae cha chupa, akiijaribisha shingoni, akiitoa, akikwangua tena. Walipotengua ugali bado alikuwa anakwangua. Ilipoingia ikakaza, alirudisha msumari, akazungushia kano za ng'ombe zilizolowekwa, akaiegemeza ukutani zikauke na kujikaza zenyewe. Kisha samli, mpini mzima, kwa kiganja.

Kesho yake niliijaribu. Ni nzito kuliko ya awali, nene mkononi, na haineshi sana. Mpira unakwenda chini na mfupi, lakini hauyumbi. Nikiwa nimeugeukia upepo wa ghuba niliipenda kuliko zote.

Nilipofika tena Mombasa niliipeleka kwa yule mzee bila kumwambia kitu. Aliikunja kwa goti, vilevile kabisa. Akauliza ni mti gani, umekaushwaje, na huyo fundi anaweza kumtengenezea mingapi. Nilimpigia Mjomba simu pale pale. Alitaja bei: mbuzi mmoja kwa mipini miwili, nauli juu ya mnunuzi. Mzee alisema mbuzi wa bara ni wadogo, lakini hata hivyo ni ghali, akataka mitatu. Mjomba akasema mkole mzuri haupatikani siku hizi, watu wameukata kwa kuni, na aliyeagiza asiwe na haraka, asubiri mwakani ukauke. Simu ikakatika kwa kuishiwa salio. Mpaka naandika haya hawajaafikiana, na kila mmoja ananipigia mimi kunieleza ubahili wa mwenzake.